Talaka bila kutafuta mkosaji tunayo siku nyingi, ila ya upande mmoja

Wahariri, wiki hii mmeuliza kama sheria imruhusu mtu kuvunja ndoa bila kuthibitisha kosa la mwenzake. Jibu langu ni ndio, na naomba mnivumilie nieleze maana naona watu wanaliongelea hili kama jambo geni linaletwa toka nje lije libomoe familia zetu. Sio geni. Mi nimezaliwa Tanga, nimeolewa hapahapa Tanga, nimekaa miaka kadhaa mjumbe wa baraza la usuluhishi wa ndoa kwenye kata yetu, na nawaambia talaka isiyodai kosa ipo siku zote, tatizo ni kwamba ipo upande mmoja.

Chukua ndoa ya Kiislamu ambayo ndo yangu mimi. Mume akichoka anatamka, au anaandika kikaratasi anampa mkewe, imeisha. Dini inamhimiza asikurupuke, inataka kwanza waitwe wasuluhishi mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke, lakini hakuna mahali anapoambiwa alete mashahidi wa kosa la mkewe ndo aruhusiwe kuacha. Na sheria ya serikali inamfuata hukohuko, kifungu cha 107 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema kama ndoa ni ya Kiislamu, baraza limeshindwa kuwapatanisha, na baada ya hapo mmoja wao akafanya jambo ambalo kwa dini linavunja ndoa, basi mahakama inatoa amri ya talaka. Mwanamke wa ndoa hiyohiyo akichoka yeye safari yake ni nyingine kabisa, aombe khului, yaani mke kuomba aachwe, arudishe mahari, na mume akigoma inabidi aende akathibitishe kwamba hatunzwi, anapigwa, ametelekezwa, na mashahidi wake ni nani kama sio majirani ambao wanaogopa kuitwa wambea.

Wanaosema tukiruhusu hili tutakuwa tumegusa dini nawakumbusha habari ya mke wa Thabit bin Qays, ipo kwenye hadithi za Bukhari na wengi tumeisikia tangu madrasa. Alikwenda kwa Mtume akasema simlaumu mume wangu kwa tabia wala kwa dini yake, ila kuishi naye siwezi. Hakuambiwa alete mashahidi. Aliulizwa kama yuko tayari kurudisha lile shamba alilopewa mahari, akasema ndio, mume akaambiwa apokee shamba lake amuache. Sasa hapo kosa lilithibitishwa lipi? Mi nikiisoma hiyo habari halafu nikakumbuka wanawake walivyokuwa wanahojiwa mbele yetu najisikia vibaya sana.

Waliofunga kanisani au bomani, mume hana talaka ya kutamka, ila ana miguu. Anahamia Korogwe au Handeni anaanza na mwingine, wanazaa, na hakuna anayemdai uthibitisho wa chochote. Anayebaki na cheti cha ndoa kabatini ndo anasumbuka, hawezi kuolewa tena, kiwanja akitaka kuuza anaambiwa mumeo yuko wapi, na akitaka kujinasua kwa sababu ya kutelekezwa sheria inamhesabia mpaka itimie miaka mitatu.

Kinachouma zaidi ni kwamba sheria yetu kwenye karatasi ilikuwa nzuri sana kwa wakati wake. Sababu ya talaka ni moja tu, ndoa kuvunjika kiasi kwamba haiwezi kurekebishika tena. Hiyo ni lugha ya watu wenye busara. Lakini sheria hiyohiyo inataja mambo ambayo mahakama inaweza kuyachukua kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika, na ukiyasoma mengi ni makosa: uzinzi, ukatili, kutojali kwa makusudi, kutelekeza miaka mitatu, kufungwa miaka mitano au zaidi. Ndio, hakimu anaruhusiwa kuangalia na mengine, orodha haijafungwa, ila kilichoshuka huku chini kwetu ni orodha. Na tena mahakama inaambiwa ikatae ombi ambalo limesimama juu ya kosa la mwombaji mwenyewe tu, isipokuwa kuwe na sababu maalumu. Kwahiyo watu wamejifunza haraka, ukienda na ukweli kwamba imeisha unarudishwa, ukienda na fumanizi unasikilizwa.

Matokeo yake nimeyaona kwa macho yangu. Watu wanakuja barazani na skrinishoti za meseji wamezichapisha stationeri, zile meseji za chumbani kabisa, zinasomwa kwa sauti mbele ya wazee na karani. Mtoto wa darasa la tano anaitwa aseme kama alimuona baba na yule dada. Mama mkwe anakuja kutoa ushahidi dhidi ya mkwe aliyemlea wakati anaumwa. Na wote wanafanya hivyo sio kwamba wana roho mbaya, ni kwamba wameshaambiwa na mtu huko nje kuwa bila kosa kubwa hupati hati, ile ya baraza kwamba usuluhishi umeshindikana ambayo ndo unaenda nayo mahakamani.

Kuna mama mmoja, sitasema wa wapi, alikuja na mumewe wote wametulia. Hawakuwa wanapigana. Mume hakuwa na mwanamke nje kwa alivyojua yeye. Walikuwa wameshaacha kuongea miaka, kila mtu na chumba chake, pesa ya matumizi inaachwa juu ya friji asubuhi. Mwenyekiti akamuuliza sasa mama kakukosea nini, akasema hajanikosea, mi sitaki tena kuishi hivi. Wajumbe wakaguna. Akaambiwa hiyo sio sababu, ndoa ndo zilivyo, nenda kavumilie, mlee watoto. Baada ya miezi akarudi, safari hii na tuhuma za ushirikina, kwamba mume analeta waganga usiku na ndugu wa mume wamo. Tukampa hati maana sasa palikuwa na ugomvi wa kueleweka. Sijui kama yale ya waganga yalikuwa kweli, ila najua mara ya kwanza alisema kweli na hakupewa kitu. Familia zile mbili zilikuwa zinazikana, baada ya pale hata msibani hawaendi.

Halafu tusisahau watu wanaingiaje kwenye ndoa. Sheria hii ya 1971 iliweka msichana anaweza kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na 14 kwa ruhusa ya mahakama. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, kwenye kesi aliyofungua Rebeca Gyumi, serikali ikakata rufaa na 2019 Mahakama ya Rufani ikasimama upande wa Gyumi. Fikiria wale walioolewa kwa vifungu hivyo, leo ni wamama wa miaka 30 na 40. Kuingia hawakuulizwa, aliulizwa baba. Leo akitaka kutoka anaulizwa yeye, tena anaulizwa kama mshtakiwa, eleza mwenzio kafanya nini.

Najua hoja ya upande wa pili, kwamba tukiruhusu hivi watu wataacha wake na waume kama wanavyobadilisha laini za simu. Naielewa hofu hiyo maana mi mwenyewe nina mabinti. Ila tuangalie waliotangulia. California ilipitisha sheria ya namna hii 1969, ikaanza kazi Januari 1970, gavana aliyesaini ni Ronald Reagan, mtu ambaye hakuna anayeweza kumwita mpinga familia. Talaka Marekani zilipanda kweli kwenye miaka ile ya sabini, halafu kuanzia mwanzoni mwa themanini zikaanza kushuka. Na wachumi wawili, Betsey Stevenson na Justin Wolfers, walipolinganisha majimbo walikuta pale ambapo mtu anaweza kuondoka bila ridhaa ya mwenzake, wanawake kujiua kulipungua na vipigo vya ndani ya nyumba vikapungua. Hata kwenye ndoa ambazo hazikuvunjika, mume akijua mke anaweza kuondoka mkono wake unakuwa mzito kunyanyuka.

Uingereza nako wamechelewa kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2018 mama mmoja anaitwa Tini Owens alishindwa kesi mpaka Mahakama ya Juu kabisa, ameolewa toka 1978, majaji wanaona ndoa imekufa lakini sheria inawabana maana makosa aliyoyataja ya mumewe hayakutosha, ikabidi asubiri 2020 itimie miaka mitano ya kuishi mbali mbali. Kesi ile ilichangia wabadilishe sheria, sheria mpya ikaanza 6 Aprili 2022. Na sio kwamba mtu anaamka asubuhi jioni kaachika, toka kesi ianze lazima zipite wiki 20, halafu amri ya kwanza ikitoka zinaongezwa wiki 6 nyingine. Muda wa kutafakari umebaki, kilichoondolewa ni kuchafuana.

Hoja ambayo naiheshimu kuliko zote ni ile ya wanawake wenzangu wanaosema sawa, lakini ikiwa rahisi hivyo mimi niliyezaa watoto wanne na sina kazi nitatolewa kwenye nyumba bila hata sufuria. Hapo ndipo penyewe. Ila dada zangu, mnatolewa sasa hivi, na hii sheria ngumu ipo. Ugumu wa talaka haujawahi kumzuia mume kubadilisha kitasa. Kinachomlinda mwanamke ni mgao wa mali na matunzo ya watoto, na huko ndiko tuelekeze nguvu zote.

Msingi upo. Mwaka 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali ilisema kazi za mke nyumbani, kupika, kufua, kulea, ni mchango kwenye mali za ndoa. Kifungu cha 114 nacho kinasema mahakama ielekee kugawa sawa ikishapima michango na mahitaji ya watoto. Wengi wanaitaja hiyo kesi kama ushindi bila kusema kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, mahakama iliona mumewe alishampa pesa za biashara akazitapanya, ikahesabu hilo ndo fungu lake. Yaani kanuni ilipita ikawafaa wengine yeye akatoka mikono mitupu. Na mpaka leo kwenye baraza ukimuuliza mwanamke mmechuma nini pamoja anasema mi sina kitu, nyumba ni ya mume wangu, wakati matofali alibeba yeye, mafundi aliwapikia yeye, na genge lake ndo lililonunua bati. Hana risiti hata moja. Zanzibar, sheria ya Mahakama ya Kadhi ya 2017 imempa kadhi uwezo wa kugawa mali kwa kuangalia mchango wa kila mmoja, ni hatua nzuri, ila swali la risiti linabaki lilelile. Kenya pia, Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema hakuna nusu kwa nusu ya moja kwa moja, kila mtu athibitishe alichochangia.

Hukohuko Kenya mbunge Peter Kaluma alipeleka muswada 2023 kwamba wanandoa wakikubaliana wote wawili waweze kuachana bila kutajana makosa. Ni afadhali, siupingi, ila kukubaliana ni kwa wale ambao bado wanasikilizana. Mwanamke anayehitaji kutoka kuliko wote ni yule ambaye mumewe hakubali na hatakubali mpaka kufa. Ridhaa ya mwenzake ikiwa ndo ufunguo basi ufunguo umebaki mfukoni mwa yuleyule.

Baraza lisifutwe. Nalisema kama mtu aliyekaa humo, na wapo waliopatanishwa kweli wakarudi nyumbani wanacheka. Ila tubadilishwe kazi. Sasa hivi muda wote tunautumia kutafuta nani mbaya, tukishindwa tunaandika hati kwamba usuluhishi umeshindikana, na hiyo hati ikikosewa kidogo tu kesi inaweza kufutwa huko juu watu wakarudi kuanza upya, na ikizidi miezi sita haipokelewi mahakamani. Mume akitaka kumchosha mke anachelewesha tu, leo msiba, kesho safari, na mke analipa nauli kila wito.

Mi ningetaka mtu akishasema mbele yetu nimefika mwisho, tumpe muda wa kutafakari, tuseme miezi mitatu au minne, aitwe tena, akirudia neno lilelile hati itoke bila kuulizwa kosa. Muda huo wa katikati baraza liandike mali zote, nyumba ipo wapi, kiwanja jina la nani, kuna mkopo wa vikoba au benki, nani analipa ada, watoto wanalala wapi. Mume asiruhusiwe kuuza kitu mpaka amri itoke. Na hakimu wa mahakama ya mwanzo asitoe talaka leo halafu mgao ukasubiri mwaka kesho, vyote vitoke siku moja kwenye hukumu moja. Kwa upande wa Waislamu masheikh wetu wakae waseme wazi kwamba mke aliyerudisha mahari asizungushwe, na mume aliyetamka talaka afike barazani na orodha ya mali kama mtu mwingine yeyote. Wanaume wanaoishi kwenye ndoa zilizokufa na wao watapata nafuu hapohapo, maana na wao wapo, wengi tu, wanakaa kwenye vijiwe mpaka usiku wa manane kwa sababu nyumbani hapaendeki.