Kabla ya kipenga cha kwanza: ushauri kwa anayechezesha mechi za shule

Vijana wanaoanza kuchezesha mechi za shule huniuliza wafanye mazoezi gani ya mbio. Mbio zina nafasi yake. Lakini ukiniuliza mimi, mechi ya shule ngumu au rahisi huamuliwa zaidi na ile saa moja kabla haijaanza, na mwamuzi anayefika uwanjani timu zikiwa tayari zimejipanga ameitupa saa hiyo.

Anza na kanuni za mashindano. Sheria za soka ni 17, na mabadiliko yake huanza kutumika rasmi Julai 1 kila mwaka, lakini kwa soka la vijana sheria zenyewe zinaruhusu waandaaji kurekebisha mambo kadhaa: ukubwa wa uwanja na magoli, mpira, urefu wa vipindi, hata mchezaji aliyetoka kurudi tena. Ndiyo maana siku moja kabla naandika kwenye karatasi ndogo: kipindi dakika ngapi, mpira saizi gani, mabadiliko mangapi, wakitoka sare inakuwaje. Karatasi hiyo inakaa mfukoni pamoja na kadi. Mwalimu akija juu katikati ya mechi kwamba mchezaji fulani haruhusiwi kurudi, sihitaji kukisia.

Na yale mapya yasikupite. Tangu 2025, kipa akiushika mpira kwa mikono zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona, na mwamuzi huhesabu sekunde 5 za mwisho kwa vidole, mkono juu. Walimu wengi wa michezo bado hawajalisikia hili. Waambie mapema, wote wawili wakiwa pamoja, ili lisije likaonekana ni jambo ulilomtungia mmoja wao.

Nikifika uwanjani, cha kwanza ni magoli. Nashika nguzo kwa mikono miwili, naisukuma mbele, naivuta nyuma, kisha naenda nguzo ya pili, kisha goli la upande wa pili. Sheria inataka goli likazwe ardhini, na lile la kuhamishwa pia. Watoto hawajizuii kurukia mtambaa panya, na goli zito likimwangukia mtoto linaua. Likitikisika, mechi haianzi mpaka lifungwe au liwekewe mifuko ya mchanga ya kutosha. Nimewahi kushinikizwa nianze hivyo hivyo kwa sababu muda unakwenda. Katika hili usilegeze hata kidogo, acha wakasirike.

Baada ya hapo tembea uwanja mzima kwa miguu, si kwa macho. Mashimo, mawe, vipande vya chupa, mstari uliofutika kwenye eneo la penalti: yote hayo utayaona ukiwa juu yake tu.

Ukaguzi wa wachezaji ufanye mwenyewe, mmoja baada ya mwingine. Pitisha kiganja chini ya njumu, maana meno yaliyolika huwa na ncha inayochana. Gonga ugoko usikie kama kuna kinga ndani ya soksi. Kisha mikono, shingo, masikio. Hereni na bangili zinatoka zote. Kuzifunika kwa plasta hairuhusiwi. Mtoto akisita, usimkaripie mbele ya wenzake. Mwambie, “Mwanangu, mpe mwalimu akutunzie, utaichukua tukimaliza.” Mara nyingi inatoka bila maneno zaidi.

Waamuzi wasaidizi kwenye mechi za shule huenda wakawa walimu au wanafunzi waliopewa kibendera asubuhi ile ile. Usiwalundikie mambo. Mimi huwapa matatu: mpira umetoka ukivuka mstari wote mzima, hewani au chini, hakuna kuotea kwenye mpira wa kurushwa, goli kiki na kona, na nikikushushia mkono, shusha kibendera bila kubishana, tutaongea mapumziko. Kama msaidizi ametoka katika shule mojawapo inayocheza, mimi humwachia mipira ya kutoka peke yake, kuotea nabeba mwenyewe. Hiyo pia ni kumlinda na lawama za wenzake.

Kisha uliza walimu swali ambalo ni nadra kuulizwa: akiumia mtoto, nani anaingia, na gari la kumpeleka hospitali liko wapi? Kubaliana nao hapo hapo kwamba mchezaji akigongwa kichwa akaonekana kuyumba au kuchanganyikiwa, anatoka na harudi siku hiyo, hata kama ndiye mfungaji wao. Yakisemwa mapema hakuna anayeyapinga. Yakisemwa timu ikiwa nyuma kwa bao moja, utapata kelele.

Mbio sasa. Kati ya mechi na mechi fanya mbio fupi za kasi zenye mapumziko, na ujizoeze kukimbia kinyumenyume na ubavuubavu, kwa sababu ndivyo unavyokimbia ukichezesha. Siku yenyewe pasha misuli hadi utoe jasho kidogo.

Mwisho waite manahodha kwa sarafu. Anayeshinda anachagua goli la kushambulia au kuanza na mpira. Hesabu wachezaji kila upande, hakikisha jezi za makipa hazifanani na za wengine wala na yako, inulia mkono kila msaidizi mpaka akujibu, washa saa zote mbili, kisha piga kipenga.