Kocha, ninunue kisu gani?

Mi nafundisha watu kujihami, na mwezi huu meseji zimekuwa nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja, kisu. Nadhani ni hizi habari za watu kukabwa zinazozunguka kwenye magrupu, na panya road wa mwaka 2022, yale magenge ya vijana waliokuwa wanavamia watu hapa Dar, bado hawajatutoka vichwani. Nimechagua tano nikakaa nazo usiku mzima, maana humu kuna mtu anaweza kufa kwa jibu langu na kuna mwingine anaweza kuua, kwa hiyo nawajibu kama ningemjibu mdogo wangu wa tumbo moja.

SWALI: Shkamoo kocha. Mi ni dereva boda, kijiwe changu Mbagala Rangi Tatu, napiga kazi mpaka saa nane usiku. Mwenzetu juzi kakodiwa kwenda Chamazi akakabwa njiani, pikipiki ikaenda. Nimeona Kariakoo kuna visu vya kukunja vizuri tu, ninunue kipi na nikiweke wapi ili nikitoe haraka? (Dereva boda, Mbagala)

Marahaba mdogo wangu, mpe pole mwenzenu. Nikwambie kitu nilichokiona Jumamosi iliyopita. Kuna zoezi huwa nawafanyisha vijana wangu, tisheti nyeupe na maka pen nyekundu. Kijana mmoja mwenye mikono myepesi kweli nikampa kalamu ya kawaida nikamwambia hii ndo kisu chako cha kukunja, iweke mfukoni mwa jinzi. Mwenzake nikampa maka pen aifiche nyuma ya paja, aje kama mtu anayeomba kiberiti. Hatua tatu tu kati yao. Yule wa kwanza alijua kabisa atavamiwa, alishajiandaa, na bado mkono haujatoka mfukoni alama nyekundu zilikuwa sita tumboni na moja chini ya kwapa, nilizihesabu mwenyewe nimemshikia tisheti. Kalamu ilinasa kwenye pindo la mfuko. Hapo ni saa kumi jioni, jua linawaka, hakuna anayemtakia mabaya. We itakuwa saa nane usiku, moyo unadunda, vidole vimekufa ganzi kwa woga (na vinakufa kweli, damu inakimbilia kwenye misuli mikubwa, hata kufunga kifungo cha shati inakuwa kazi) halafu ndo uingize mkono, ukamate, utoe, ukunjue.

Kuna askari wa Marekani anaitwa Dennis Tueller, wa polisi ya Salt Lake City, mwaka 1983 aliandika kuhusu jambo hilihili baada ya kupima, mtu wa kawaida anazimaliza futi 21 kwa kama sekunde moja na nusu. Futi 21 ni mita 6 na pointi, yaani karibu Koasta nzima toka taa za mbele mpaka bampa la nyuma. Na yeye alikuwa anawazungumzia askari wenye bastola kiunoni, kitu kisichohitaji hata kukunjuliwa.

Na we tatizo lako ni zaidi, anayekukaba yuko mgongoni kwako, umempakia mwenyewe, mikono yako yote miwili iko kwenye usukani. Akishakutia roba (mkono shingoni toka nyuma) hicho kisu cha kiunoni atakigusa yeye kabla yako maana wakabaji wanapapasa kiuno na mifuko kwanza, sasa wanakuwa na silaha ya kwao na ya kwako.

Ila umeniuliza kisu kipi na sitaki ukamuulize muuzaji. Vile vya bei rahisi vya kukunja vingi loki yake ni ya kudanganyia, ukikandamiza ncha kwenye kitu kigumu kinajifunga, na kinajifungia kwenye vidole vyako. Cha jikoni nacho hakina kizuizi kati ya mpini na makali, mkono ukilowa jasho au damu unateleza unashuka mpaka kwenye makali, watu wengi wanaochoma wenzao wanajikata viganja vyao wenyewe kwa mtindo huo. Kwa hiyo hata ukipata kizuri bado sikushauri, na hela hiyo naomba uifanyie mambo mengine. Weka treka kwenye pikipiki hata kwa kulipa kidogo kidogo. Pale kijiweni kubalianeni kwamba kuanzia saa nne usiku hakuna anayeondoka bila mwenzake kumpiga picha abiria kwa simu, mbele yake, mtu mwema hatakataa na mbaya atasema amesahau kitu atarudi. Abiria akianza kukubadilishia njia, mara ingia hapa mara kata kule, simama penye taa na watu umwambie mafuta yameisha. Na ikifika wanataka pikipiki, achia, ruka upande, kimbia. Najua ni ya mkataba na tajiri hataelewa, najua kabisa maana mdogo wangu mimi ni dereva boda, lakini mkataba unalipika mdogo wangu.

SWALI: Kaka kocha, nafanya kazi ya zamu mjini, natoka saa tano usiku nashuka mwendokasi Kimara halafu natembea kama dakika kumi kufika kwangu. Kwenye pochi natembea na kisu kidogo cha kumenyea matunda. Kisheria nina kosa? (Dada wa zamu, Kimara)

Dada, mi ni mwalimu wa mazoezi siyo wakili, ila hili nimelifuatilia miaka mingi kwa sababu nafundisha watu na siwezi kuwafundisha kitu kitakachowapeleka jela. Kanuni ya Adhabu, ile Sura ya 16, inakupa haki ya kujilinda mwili wako, kumlinda mwingine na hata mali yako, lakini nguvu utakayotumia lazima iwe ya kiasi kinachohitajika pale, basi. Mtu anakuvuta pochi we unamchoma shingoni, hapo utakuwa na kazi kubwa ya kuieleza mahakama. Na mtu ameshachukua simu anakimbia, we unamfukuza unamchoma mgongoni, hiyo siyo kujilinda tena, hatari ilishaisha alipogeuka.

Kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kutia watu hofu nako ni kosa. Mama anayeuza mihogo ana kisu kwenye beseni na hakuna askari atakayemuuliza, fundi viatu hivohivo, kazi yao inaonekana. We ukikutwa nacho saa tano usiku utaulizwa cha nini, ukijibu cha kujihami ujue umeshasema kwa mdomo wako kwamba ulikibeba kwa ajili ya mwili wa mtu. Kukitokea kifo sentensi hiyo inaweza kurudi kukusumbua. Ukitaka wakili akueleze vizuri bila gharama nenda Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu au TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, wote wapo hapa Dar na wanatoa msaada wa kisheria.

Kwa zile dakika kumi mi ningekupa vitu vingine. Tochi yenye mwanga mkali mkononi (mkononi dada, siyo kwenye pochi), filimbi kwenye kamba ya funguo, na kelele. Kelele nayo uichague. Ukipiga "mwizi!" hapa Dar unajua kitakachofuata, tairi na petroli, na anaweza kuungua kijana aliyekuwa anapita tu. Piga "nisaidieni nakabwa!", watu watatoka nje vilevile lakini watatoka kuja kwako.

SWALI: Mwalimu, nimekuta kisu kwenye begi la mwanangu wa kidato cha nne. Anasema njiani kuna vijana wanawanyang'anya simu. Nimempiga, nimekichukua, ila moyo hautulii. (Baba wa watoto watatu, Tandale)

Mzee wangu, nitakwambia jambo ambalo wanafunzi wangu wanalijua ila hapa sijawahi kuliandika. Nilipokuwa na miaka 19 nilikuwa natembea na kisu, naishi Manzese, nilishakabwa mara mbili na ya pili walinivua mpaka viatu. Nilikuwa nakivaa upande wa kulia ndani ya mkanda, mpini wa mbao nimeuzungushia mpira wa baiskeli usiteleze. Miezi minane nimekaa nacho hakuna kibaka aliyenisogelea, nikaamini kinanilinda. Siku moja kwenye daladala konda akaninyima chenji. Chenji mzee wangu, hela ya kununua andazi. Tukajibizana, akanisukuma kifuani kwa vidole viwili, na mi sikumbuki kuamua chochote, nakumbuka tu kuhisi ule mpira wa baiskeli kwenye kiganja. Kisu kilikuwa kimeshatoka nusu. Yule konda hakukiona, alikuwa bado anaongea, alikuwa mdogo kuliko mimi, ana chunusi hapa kwenye kidevu. Aliyekiona ni mama aliyekaa kiti cha jirani, akanishika mkono wa shati kwa nguvu akaninong'oneza, "Rudisha mwanangu. Rudisha." Nikarudisha, nikashuka kituo kisicho changu, nikatetemeka mpaka magoti.

Nilikibeba kwa ajili ya wakabaji na karibu nikimalizie kwa konda. Mwanao hatakutana na wale vijana kila siku, lakini kila siku atakutana na mtu wa kumuudhi, darasani, kwenye mpira, kwa msichana. Ndo maana kumpiga hakutoshi mzee, woga wake ni wa kweli na umemwacha nao vilevile. Nenda naye ile njia, kwa miguu, saa ileile anayopita, akuonyeshe ni wapi. Mtafute mjumbe wenu wa shina, ongea na wazazi wengine wanaopitisha watoto pale, wawe wanatoka wanne au watano pamoja, na simu ibaki nyumbani. Halafu mlete mazoezini kwa mtu yeyote unayemwamini, judo, karate, ngumi, akaupe mwili wake kitu cha kutegemea.

SWALI: Kocha nimeangalia video nyingi za kumpokonya mtu kisu, na mi na mshkaji wangu tunafanya mazoezi gheto na kisu cha kweli ili tuzoee. Tuko sawa? (Kijana wa gheto, Sinza)

Hapana, na mkiache leo hii kabla hamjasoma mbele. Kisu cha mbao au cha raba, na miwani ya kukinga macho hata kama ni cha raba.

Zile video tatizo lake angalia mkono wa anayechoma, anachoma mara moja halafu anauacha umenyooka hewani kama anasubiri daladala, mwalimu anaushika anauzungusha. Mtu mwenye hasira anachoma na kuchomoa, mara tatu nne kabla hujafikiria, na mkono mwingine amekukamata shati. Mfanye hivyohivyo na maka pen, kwa kasi kamili, mtaona "ufundi" wenu unabaki na nini. Kinachobaki ni kidogo ila ni kizuri, kwanza kukimbia mapema, pili kuweka kitu kati yenu, stuli, helmeti, begi, mlango wa gari, na kama huna pa kwenda kabisa basi mikono yako miwili kwenye mkono wake mmoja wenye kisu na usiuachie, huku unapiga kelele. Roba nayo mfanyie mazoezi, kidevu kishuke kifuani hapohapo, mikono yote miwili inyofoe ule mkono kooni kwako na ugeukie upande wa kiwiko chake, hiyo hata binti wa kilo 50 nimemwona akiiweza baada ya wiki kadhaa. Mkitafuta klabu muulizeni mwalimu kama kuna siku mwanafunzi anashindwa, akisema kwake hakuna kushindwa ondokeni.

SWALI: Mwanangu, nina kibanda cha chakula Buguruni. Wiki mbili zilizopita vijana waligombana, mmoja akachomwa kisu cha paja mbele yangu. Watu wakakichomoa, damu ikaruka, mi nilikuwa na kanga tu begani. Tungefanyaje? (Mama ntilie, Buguruni)

Shkamoo mama, na pole sana. Kisu kikiwa bado kwenye mwili hakichomolewi, kinakuwa kimeziba mshipa kilioukata, mnazungushia vitambaa kisicheze na mnaondoka nacho hivohivo hospitali. Kikishachomolewa, kunja kanga mara nne, bandika pale penyewe damu inapotoka na ukandamize kwa uzito wako wote, piga goti juu yake ikibidi, kijana atalia na wewe usiachie, usifunue kuchungulia, kanga ikilowa ongeza nyingine juu yake. Paja lina mshipa mkubwa, damu ikiwa inaruka kwa mapigo mtu anaweza kuisha ndani ya dakika chache tu. Ukiona hata ukikandamiza haikati, funga kitambaa kipana juu ya kidonda, upande wa kiunoni, pitisha mwiko kwenye fundo uuzungushe mpaka damu ikate, uushikilie, na ukumbuke saa mliyofunga umwambie daktari. Asipewe maji wala chochote. Kutoka Buguruni bajaji inafika Amana haraka, mtu mmoja apande naye amkandamize njia nzima, mwingine apige 112, na wa tatu akimbilie kituoni kufuatilia PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ili majeruhi asikae kuisubiri.

Ile kanga yako mama kama bado unayo usiitupe, ifue kwa maji ya baridi na chumvi. Nyingine safi ya pamba iweke kwenye rafu ya juu hapo kibandani, siyo chini na masufuria. Na ukisikia habari za yule kijana naomba uniandikie.