Jiko la uani limepasuka, nifanyeje?

SWALI: Fundi kanijengea jiko la kuni uani hapa Tanga, akapiga plasta ya simenti mpaka ndani panapowaka moto, wiki mbili tu imepasuka yote. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana dada. Simenti haihimili moto mkali, kwahiyo hapo ndani bandua plasta yote, panga matofali ya kuchoma kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga, uache ukauke taratibu, ndo uwashe, tena kwa moto mdogo kwanza. Simenti ibaki kwenye slabu ya pembeni ya kukatia mboga, nayo uimwagilie maji siku 7, mafundi wengi wanaruka hapa na inaniuma hela ya mtu ikipotea hivyo. Bati la paa liinuliwe juu moshi utoke.