Kabla hujaandika jinsi albamu ilivyopokewa: niliyojifunza kwa Come On Over

Ninyi mnaoanza kazi ya kuandika habari za muziki mtaombwa mapema sana kueleza jinsi albamu fulani ilivyopokewa, na naamini wengi wenu mtakimbilia kwanza idadi ya nakala zilizouzwa. Mimi nilianza hivyo hivyo. Albamu iliyonifundisha kazi hii ni Come On Over ya Shania Twain, mwimbaji wa Kanada aliyekulia Timmins, mji wa migodi ya dhahabu kaskazini mwa Ontario. Ilitoka Novemba 1997 ikiwa na nyimbo 16, zote zikiwa zimetungwa na yeye pamoja na Robert John Lange, aliyekuwa mumewe na mtayarishaji wake. Lange, ambaye kwa taarifa yenu alizaliwa Mufulira nchini Zambia, alikuwa amekwisha kujijengea jina kwa kutayarisha albamu za roki za AC/DC na Def Leppard.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la masikio. Nilinunua nakala ya albamu hiyo, nikaisikiliza kwa hedifoni siku tatu, kisha nikaandika kwa kujiamini kwamba fidla, ala inayoutambulisha muziki wa kantri, karibu haisikiki na kwamba redio za kantri za Marekani zilikuwa zimepokea albamu ya popu bila kujua. Makala ilichapishwa. Wiki iliyofuata msomaji mmoja aliyekuwa amerudi kutoka Marekani alikuja ofisini na nakala yake, tukaziweka mbili hizo juu ya meza. Yake ilifunguliwa na wimbo Man! I Feel Like a Woman!, yangu ikafunguliwa na You're Still the One. Katika yake, fidla na lile gitaa la kantri linalolia kwa kuteleza vilisikika waziwazi, ilhali katika yangu vilikuwa vimepunguzwa na nafasi yake kuchukuliwa na vinanda na ngoma za kielektroniki. Hata From This Moment On, ambao katika nakala yake Twain aliuimba na mwimbaji wa kantri Bryan White, katika yangu aliuimba peke yake. Nilikuwa nimehukumu masikio ya watu wa Nashville, mji ulio kitovu cha muziki wa kantri wa Marekani, kwa kutumia toleo la kimataifa, lililochanganywa upya kwa ajili ya masoko ya nje, ambalo wao hawakuwa wamelisikia.

Tangu siku hiyo sianzi kuandika kabla sijajua nina toleo gani mkononi, na nawasihi mfanye hivyo hata mhariri anapowahimiza. Someni kijitabu kilichomo ndani ya kasha, linganisheni mpangilio wa nyimbo na majina ya waimbaji walioshirikishwa, kisha ndipo msome wahakiki, mkijua kila mmoja wao alikuwa nchi gani na huenda alisikia nini.

Jambo la pili ni chati, na hapa ndipo wageni wengi hujikwaa. Kwenye chati kuu ya albamu ya jarida la Billboard, Come On Over haikuwahi kushika nafasi ya kwanza. Iliishia nafasi ya pili. Anayetazama kilele peke yake ataiandika kama albamu iliyokaribia tu kufanikiwa, wakati kwenye chati ya albamu za kantri ya jarida hilohilo ilishika nafasi ya kwanza kwa jumla ya wiki 50. Nyimbo 12 kati ya zile 16 zilitolewa moja baada ya nyingine, na kila mmoja uliporushwa redioni uliwarudisha wanunuzi dukani. Kwa hiyo tazameni albamu ilikaa muda gani kwenye chati, wala msiishie kuuliza ilipanda hadi wapi.

Kuhusu mauzo, mwaka 2004 chama cha kampuni za kurekodi cha Marekani kiliithibitisha albamu hiyo kuwa imefikia platinamu mara 20. Platinamu moja huko ni nakala milioni moja, lakini wakati huo uthibitisho ulihesabu nakala zilizosafirishwa kwenda sokoni, nao hauombwi mpaka kampuni yenyewe itake. Andikeni kwamba nakala zilisafirishwa, msiandike kwamba ziliuzwa.

Wahakiki wanahitaji uvumilivu zaidi kuliko namba. Twain alikuwa ameuza mamilioni ya nakala za albamu iliyotangulia, The Woman in Me ya mwaka 1995, bila kufanya ziara, na wapo waliodai kwamba yeye ni zao la studio asiyeweza kusimama jukwaani. Ukisoma uhakiki wa mwaka 1997 bila kulijua hilo, utadhani kila neno kali lilihusu nyimbo, kumbe sehemu yake ilihusu shaka hiyo. Mwaka 1998 alianza ziara yake kubwa ya kwanza, na mwaka 1999 chama cha muziki wa kantri cha Marekani kikampa tuzo ya mburudishaji bora wa mwaka. Nyimbo za albamu hiyo zilimpatia tuzo nne za Grammy, mbili mwaka 1999 na mbili mwaka 2000, zote katika vitengo vya kantri, ilhali tuzo ya albamu bora ya mwaka, ambayo Come On Over iliwania mwaka 1999, ilikwenda kwa Lauryn Hill. Mimi naona hilo linaeleza mapokezi yake vizuri kuliko uhakiki wowote niliousoma: watu wa kantri, waliosemekana kuwa wameporwa muziki wao, ndio waliomtuza.

Mkipewa kuandika juu ya Up!, albamu iliyofuata mwaka 2002, ulizeni kwanza rangi ya sahani. Nyimbo 19 zilezile zilitolewa katika matoleo matatu: jekundu la popu, la kijani la kantri, na la buluu lenye ala na midundo ya ladha ya Kihindi. Amerika ya Kaskazini iliuziwa jekundu pamoja na la kijani, na kwingineko kukauzwa jekundu pamoja na la buluu. Anayeandika kutoka upande wetu wa dunia atalazimika kulitafuta la kijani kabla hajasema lolote juu ya Nashville.