Kilwa Kisiwani: uliza upepo na maji kabla ya kukata tiketi

Mara ya kwanza nilikwenda Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale kusini mwa Tanzania, mwezi wa nne, masika yamekolea, kwa kuwa likizo ya Pasaka iliangukia hapo. Tulivuka kwa chombo kutoka Kilwa Masoko, mji wa bara, tumejifunika turubai, tukafika Gereza, ngome ya kale iliyo ufukweni, tumelowa chapachapa. Njia ya kwenda Msikiti Mkuu ilikuwa tope tupu. Mama mkwe wangu, aliyeitamani safari ile miaka mingi, alibaki barazani kwa wenyeji. Husuni Kubwa, magofu ya kasri la kale, hakuiona. Linaniuma mpaka leo, ndiyo maana naandika.

Mvua za Kilwa si ngeni: msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 na akautaja wingi wake. Kusini huku huanza Novemba au Desemba, zikaenda hadi Aprili, pengine Mei. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga, magari yakakwama. Machi hadi katikati ya Mei, basi, msiwapeleke wazee wala watoto.

Nilirudi Agosti, nikaona Kilwa nyingine kabisa. Jua la kuvumilika, kuta za matumbawe zimekauka, ngazi hazitelezi. Ila huo ndio wakati wa kusi, upepo utokao kusini, nao hupanda kadiri jua linavyopanda. Vukeni asubuhi na mapema. Kibali cha kuingia magofuni kikateni Masoko siku moja kabla, msije mkasubiri ofisi ifunguliwe huku bahari inachafuka.

Jambo ambalo wageni wengi hawaulizi ni maji. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa mbali sana. Mkienda Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu pia, maji yamekupwa, mtashuka mbali na kupita kwenye matope ya mikoko. Kandambili hunasa humo. Vaeni viatu vya plastiki vyenye mikanda. Nahodha anazijua saa hizo, mpigieni kabla ya kupanga siku.

Januari na Februari ni joto kali, na Husuni Kubwa ni mahali pa wazi. Kofia, maji ya kutosha, na muwe mmemaliza kabla ya saa tano.

Mama mkwe amekubali tujaribu tena. Tunakwenda mwishoni mwa Septemba, na saa ya maji kujaa nimeshaiuliza.