Alituuliza bei ya mchele

Mhariri, toleo lililopita mliuliza: "Je, Idara ya Maendeleo ya Jamii ya halmashauri yako inawahudumia vizuri wakazi na wafanyabiashara? Ndiyo au hapana, na kwa nini?" Nililisoma swali hilo nikiwa kwenye foleni benki, nikaenda nalo nyumbani, na usiku usingizi ukawa mgumu. Nilikusudia kuwaandikia mistari mitatu ya hapana. Nimeshindwa kuishia hapo.

Mimi ni mama lishe hapa Dar es Salaam, karibu na gereji. Kata sitaitaja, maana ninayotaka kuyasema yanamhusu mtu ambaye hakunituma nimseme. Tuko watano kwenye kikundi na mimi ni katibu. Ndiyo kusema daftari la vikao ninalo mimi, na ninayoandika hapa si ya kusimuliwa.

Wengi wetu tunaijua idara hii kwa jambo moja tu, mikopo ya asilimia kumi. Najua wana kazi nyingine: wanasajili vikundi, wanafundisha ujasiriamali, wanazunguka mitaani kupinga ukatili. Lakini mama akikwambia "naenda maendeleo ya jamii", kafuata mkopo. Tena watu waelewe kwamba hela ile si zawadi ya mtu. Ni asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri yenyewe, ushuru wa soko na leseni tunazokata sisi, na tangu 2018 imo ndani ya sheria: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Aliyewahi kukopa kausha damu, ile mikopo ya mitaani yenye riba kali, anajua maneno hayo mawili, "haina riba", yana uzito gani.

Sasa nirudi Machi 2023.

Tulikuwa tumeshahangaika miezi minne. Katiba ya kikundi iliandikwa, ikarudishwa, ikaandikwa upya. Muhtasari wa kikao ulikataliwa kwa sababu jina la mwenyekiti wetu kwenye kitambulisho cha NIDA lina herufi moja tofauti na lile la akaunti ya benki. Ofisi ya mtaa mhuri, ofisi ya kata mhuri. Andiko la mradi tulichapisha stationery mara tatu, na kila mara tunalipa. Tangu tuondolewe barabarani Oktoba 2021 pamoja na wamachinga wote, tulikuwa tumebanwa kwenye kibanda kilichovuja upande mmoja, na tulichotaka ni majiko mawili makubwa ya gesi, meza, na bati. Hatukuomba makubwa.

Ikabaki hatua moja: afisa maendeleo ya jamii wa kata aje auone mradi kwa macho yake.

Alikuja siku ya mvua. Tulimtarajia saa nne, akafika saa saba kasoro, wakati mafundi wamejaa na sisi tunapakua. Binti wa miaka kama ishirini na saba, raba zake zimejaa tope mpaka kwenye kamba. Faili letu alikuwa amelifunga ndani ya khanga na kulibana kifuani lisilowe, yeye mwenyewe kalowa mabega yote mawili. Kata nzima ilikuwa yake peke yake, na usafiri wake ulikuwa miguu na bodaboda ya kulipa mwenyewe. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Siku ile niliona kachelewa, basi.

"Shikamooni mama zangu."

Tukaitikia marahaba. Hatukuwa na kiti kikavu, akageuza ndoo akaikalia. Msichana wetu wa kuosha vyombo akamletea maji ya kunawa, akamwagilia mikononi. Afisa akamshukuru, akamtazama, akatuuliza, "Na huyu mdogo wangu?" Mwenyekiti akajibu, "Huyu anatusaidia tu." Akaandika kitu kidogo pembeni ya karatasi. Mimi nilikuwa nyuma yake nikaona mkono ukienda, sikuona alichoandika.

Akaomba chakula, wali maharage, elfu moja na mia tano, akalipa kabla hajala. Tulimkatalia hela yake, akaiweka juu ya meza na kuiwekea kikombe isipeperuke. Akala huku anatupia maswali ya kawaida, mwenyekiti nani, mweka hazina nani, mnafungua saa ngapi. Alipomaliza akafungua faili, akasoma majina matano, akamgeukia mwanachama wetu wa tano.

Mwanachama wa tano alikuwa wifi yake mwenyekiti. Mama mzuri, mcheshi, ana duka lake la vipodozi mtaa wa pili. Kupika na sisi hakuwahi hata siku moja. Tulimwomba jina kwa sababu kikundi kinaanzia watu watano na sisi tulijihesabu tukajikuta wanne. Siku ile alivaa aproni ya kuazima.

Afisa akamwuliza kwa upole kabisa, "Mama, mchele sasa hivi mnanunua kilo shilingi ngapi?"

Wenye kumbukumbu mnaijua Machi 2023. Mchele ulikuwa umepanda mpaka watu wakawa wanauliza bei na kuondoka. Sisi tulikuwa tunanunua elfu tatu na mia mbili na kila asubuhi tunagombana tupunguze kijiko au tupandishe sahani.

Wifi akajibu, "Elfu mbili."

Mwenyekiti akaanza kusema anamaanisha ule wa zamani. Afisa akainua kiganja. "Niwieni radhi mama zangu, nilikuwa namwuliza yeye." Akamwuliza tena, kwa siku mnapika kilo ngapi? Wifi akatutazama. Hakuna aliyemsaidia, na nadhani kila mmoja wetu wakati ule alikuwa anaomba mvua izidi izibe masikio.

Afisa akafunga faili, akalirudisha ndani ya khanga. "Siwezi kuweka saini. Mkimpata wa tano wa kweli nipigieni, hata Jumamosi nitakuja." Akaondoka. Mwenyekiti alimfuata mpaka barabarani akimsihi, akarudi peke yake na vitenge vimelowa mpaka magotini.

Tulimsema yule binti, Mhariri. Tulimsema wiki nzima. Kwamba ana roho mbaya, kwamba alitaka chochote, ilhali hata sahani ya maharage aliilipia. Kwa hasira hatukumpigia. Tukasema acha tusubiri ahamishwe.

Aprili ikaingia, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akasimama bungeni akatangaza mikopo ya asilimia kumi imesitishwa nchi nzima mpaka utaratibu mpya upatikane. Taarifa za CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zilikuwa zimesheheni mambo ya vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa. Nilisikiliza redioni nikiwa nachambua mchele. Vikundi hewa. Nikajiambia sisi si hewa, sisi tupo hapa tunanuka moshi. Lakini mmoja kati ya watano alikuwa hewa, na karatasi yenye jina lake niliiandika mimi kwa mkono wangu.

Hata hivyo hasira yangu haikuisha, na hapa ndipo ninapotaka wasomaji wanielewe. Mikopo ilifungwa zaidi ya mwaka. Katika mwaka huo mwenyekiti wetu alikopa kausha damu, laki tatu, marejesho ya kila siku. Siku ya mvua kuuza hakuna, lakini marejesho yapo. Siku ya msiba marejesho yapo. Walikuja vijana wawili wakabeba mtungi wa gesi na jiko la kuanzia, lile dogo, chakula kikiwa juu ya moto. Waliteremsha sufuria ya maharage wakaiweka chini kwenye udongo. Ile sufuria chini kwenye udongo ndiyo iliyoniweka upande wa hapana miaka yote hii. Nikawa najiambia, binti angeweka saini siku ile, yasingetukuta.

Nilipokuwa naandika aya hiyo ndipo nikachukua daftari la vikao nikaangalia tarehe. Alikuja katikati ya Machi. Usitishaji ulitangazwa mwezi uliofuata. Baada ya saini yake kulikuwa na kamati ya kata, halafu halmashauri, halafu mkataba. Hata angeweka saini, hela isingetufikia. Miaka yote namlaumu kwa jambo ambalo hakuwa na uwezo nalo. Na kama ingefika? Wifi angekuwa mdaiwa halali, mkopo ni wa kikundi na deni ni letu wote. Dukani kwake mambo yakiharibika, angetukumbuka? Sina hakika, na sitaki kumsingizia.

Mikopo ilifunguliwa tena 2024. Halmashauri kumi ziliwekwa kwenye majaribio ya kupitisha fedha benki, Jiji la Dar es Salaam na Dodoma zikiwemo, nyingine zikabaki na idara zenyewe kwa kanuni mpya, na maombi sasa yanapita kwenye mfumo wa kielektroniki. Kwetu mfumo maana yake ni kijana wa stationery anayejaza huku wewe umesimama nyuma yake unamtajia tarehe ya kuzaliwa. Nafuu ipo, muhtasari haupotei tena kwenye droo ya mtu. Usumbufu upo pia: simu ya mwenyekiti ni ya kitochi.

Tukakaa kikao kutafuta mtu wa tano. Tulitaja majirani, tukataja binamu. Msichana wetu wa kuosha vyombo alikuwa anapanga sahani, na bila kugeuka akauliza, "Mimi siruhusiwi?"

Ana miaka ishirini na moja sasa. Siku ile ya mvua alikuwa na kumi na tisa, kitambulisho anacho, mchele alikuwa anatumwa yeye kila asubuhi na bei anaijua mpaka ya gunia. Tulikuwa watano tangu mwanzo. Afisa alimwona baada ya kunawa mikono mara moja tu, na sisi tulioishi naye miaka mitatu tukasema "anatusaidia tu". Ninaamini ndicho alichokiandika pembeni ya karatasi. Sikupata kumwuliza, alikuwa ameshahamishwa.

Aliyekuja safari hii ni kaka mmoja mkimya, alipiga picha kibanda, akauliza maswali mawili, akaweka saini. Sijui kama aliona chochote. Mkopo tulipata milioni nne, tuliomba saba. Majiko yapo, bati lipo, meza tumeahirisha. Tumerejesha miezi mitano bila kuruka, na mweka hazina ni yule msichana.

Kwa hiyo mnanitaka nijibu ndiyo au hapana. Idara ile ilituzungusha miezi minne kwa herufi moja ya jina, na hilo sitalisamehe, kwa sababu mtu anayepika kwa ajili ya kula hana miezi minne. Afisa mmoja kwa kata nzima ni kumwonea yeye na sisi pia. Ila siku pekee ambayo mtu wa ofisi alikaa kwenye kibanda chetu na kutuangalia kweli tulivyo, mmoja mmoja, ni siku ile aliyotunyima. Huduma ni nini kama si hiyo? Nimeanza barua hii nikiwa na hapana mkononi na sioni tena pa kuiweka.

Niandikieni ndiyo. Ila msiihesabu kuwa ya mtaa mzima. Jirani yetu ni fundi viatu, mzee wa watu, kakaa chini ya mwembe ule kabla sisi hatujafika, ushuru analipa kama sisi. Hana kikundi, si mwanamke, si kijana, wala hana ulemavu. Wiki hii nilimsomea swali lenu akiwa anashona soli. Akaniuliza hiyo ofisi iko wapi.