PAYE yangu ya miezi minne imeenda wapi?

SWALI: Mzee wetu, pokea salamu. Mimi ni muuguzi katika hospitali ya kaunti, magharibi mwa Kenya. Mshahara wangu kabla ya makato ni shilingi 58,000, na PAYE (kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara) ninayokatwa kila mwezi inakaribia 8,000. Juzi nimefungua iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni, nijaze ritani (taarifa ya mapato na kodi) ya mwaka 2025. Nilipoingiza mshahara wa miezi 12 kama ulivyo kwenye P9, ile fomu ya mwajiri ya mshahara na kodi ya mwaka, nikakuta kwenye mfumo Agosti hadi Novemba haionyeshi kodi yoyote, na sasa nadaiwa karibu 32,000. Karatasi zangu za mshahara zinaonyesha nilikatwa miezi yote. Mwenzangu kazini ananiambia nilipe tu nilale usingizi. Nifanyeje?

JIBU: Usilipe, binti yangu. Kodi hiyo ulishakatwa. Ukiilipa tena utaanza safari ya kuomba kurejeshewa, nayo ni ndefu kuliko hii uliyo nayo.

Nilikaa kwenye meza ya mishahara miaka 22, na barua yako imenikumbusha kosa nililolifanya kwa mkono wangu. Mwajiri hupeleka KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya) ritani ya P10, yaani orodha ya mishahara na kodi za wafanyakazi wake za kila mwezi, kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Sisi tuliitayarisha kwenye jedwali la kompyuta: safu ya PIN (namba ya mlipakodi), safu ya majina, kisha mishahara na kodi. Mwezi mmoja nilipanga majina kwa alfabeti nikaisahau safu ya PIN. Majina na pesa zikahama, PIN zikabaki palepale. Jumla ililingana hadi senti ya mwisho, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Mwaka uliofuata dereva wetu mmoja alikuja na P9 mkononi, anadaiwa kodi aliyokwisha kukatwa, na tayari alikuwa amekopa kwenye chama ili ailipe. Nilimwomba radhi, lakini riba ya ule mkopo aliilipa yeye.

Ndiyo maana nakwambia anzia kwa afisa wa mishahara, si KRA. KRA wanaona kile tu walichopelekewa na mwajiri. Beba P9, karatasi za mshahara za miezi hiyo minne, na picha ya ukurasa wa iTax. Mwombe afungue P10 ya Agosti mbele yako, msome PIN yako herufi kwa herufi: A ya mwanzo, tarakimu tisa, na herufi ya mwisho. Kama ulihamishwa kituo mwezi huo, mwambie, maana hapo ndipo majina hupotea. Karani hunakili jedwali la mwezi uliopita, kwa hiyo kosa la Agosti huendelea Septemba na kuendelea. Kila mwezi utahitaji P10 yake iliyorekebishwa. Wa kwanza ukirekebishwa peke yake, deni litapungua tu.

Kabla ya hapo, waulize wauguzi wenzako. Ikiwa nao wanakosa miezi hiyohiyo, si suala la PIN. Huenda kaunti haikuwasilisha kabisa, na hilo msilibebe mmoja mmoja. Nendeni na chama chenu cha wafanyakazi. Sheria inamwajibisha mwajiri kuwasilisha kodi aliyoikata.

Tarehe 30 Juni usiipitishe, kwani faini ya kuchelewa haipungui shilingi 2,000. Ikifika wiki ya mwisho na marekebisho bado, wasilisha ritani kwa mujibu wa P9 yako, kisha upeleke vielelezo kwenye dawati la KRA katika Huduma Centre (kituo cha huduma za serikali) iliyo karibu nawe. Ritani inaweza kurekebishwa baadaye.

Na afisa akikwambia "tutaangalia", usiondoke hivyo. Mwachie barua, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa siku hiyohiyo.